Miraa Mbele ya Mahakama za Dunia

Katika mimea yote ambayo madola yamepata kuitungia sheria, sidhani kama upo uliowahi kupata hukumu nyingi zinazokanushana kama miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi na Yemeni huitwa qat. Maana jani hilo hilo, likichumwa alfajiri katika vilima vya Nyambene na kufungwa shurba kwa shurba ndani ya majani ya mgomba, ni zao halali lililotajwa katika sheria ya mazao ya Kenya, na likivuka mpaka wa Namanga kabla halijanyauka huwa ni dawa ya kulevya ambayo aliyeshikwa nayo hufikishwa mbele ya hakimu. Anayetaka kujua kama sheria za dawa hizi duniani zitakazwa au zitalegezwa hana haja ya kuanzia kwenye kasumba ya China. Habari za miraa zamtosha, nazo ni habari za kwetu.

Ukale wake hauna shaka. Tarehe ya vita vya Mfalme Amda Seyon wa Uhabeshi, katika karne ya 14, yasimulia kwamba Sabr ad-Din, mtawala wa Kiislamu wa Ifat, alipoazimia kuipindua enzi ya mfalme huyo alijigamba kuwa angepanda miraa katika mji wake mkuu. Na hivyo mmea ukawa tayari ni alama ya watu fulani dhidi ya watu wengine, kabla ya mtu yeyote kuuliza ulikuwa na madhara gani. Karne mbili baadaye mafakihi wa Yemeni waligawanyika juu yake, hawa wakiuona mubaha kama kahawa na wale wakiuharamisha kama hashishi, hata suala likapelekwa kwa Ibn Hajar al-Haytami aliyekuwa akikaa Makka, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu. Alizikusanya hoja za pande zote, akaona kwamba watu waadilifu walioujaribu mmea wenyewe wanahitilafiana juu ya athari yake. Basi hakuthubutu kuuharamisha kwa kauli ya kukata, bali alinasihi kwamba mwenye kuichunga dini yake na ajiepushe nao kwa sababu ya shubuha iliyomo. Tume nyingi zimekaa juu ya miraa tangu siku zile, zikiwa na madaktari na wachumi, na sijaona iliyomshinda fakihi huyu kwa uangalifu.

Wameru wa Igembe na Tigania hawakumngoja fakihi wala gavana. Kwao miti mikongwe ya miraa ni mali ya urithi, na kifungu maalumu wakiitacho ncoolo hutangulizwa kwa wazee wa binti, ambacho kikipokewa mazungumzo ya ndoa yaweza kuanza. Mashaka yalianza jani lilipoteremka vilimani likafika Isiolo, ambako Gerald Reece, aliyeisimamia Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa niaba ya Waingereza, aliliona kuwa adui wa askari wake na wa Wasomali aliowatawala. Kwa jitihada yake ikatoka sheria ya mwaka 1945 iliyozuia biashara na ulaji wa miraa huko kaskazini pasipo kibali, ilhali Mmeru aliyekaa kwao aliachwa alime na ale kwa mila yake. Mstari wa sheria ile haukupita baina ya kiasi na kupindukia kiasi. Ulipita baina ya mlaji na mlaji. Miraa ikaendelea kwenda kaskazini kwa magendo, na kufikia wakati wa uhuru sheria ilikuwa imebaki jina.

Kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kituo, hata hivyo, ni kile cha Aden. Bandari hiyo ilikuwa koloni la Uingereza, na baada ya Vita Kuu ya Pili ilipata miraa yake kutoka milima ya Yemeni kwa nchi kavu, na kutoka Harar kwa ndege za shirika la Uhabeshi, ambazo kila zilipotua wachuuzi walikuwa wamekwisha kusimama wakizingoja, kwa kuwa jani la leo kesho halina bei. Alasiri ilipofika kazi zilipungua, watu wakajinyoosha juu ya mito katika vyumba vya maongezi, mashavu yamewatuna, na mazungumzo yakaendelea hadi usiku. Waliolalamika walikuwa na hoja ya haki, ambayo yasikiwa mpaka leo katika nyumba za Eastleigh na Mombasa: kwamba ujira wa siku huliwa majani kabla haujafika jikoni. Sisemi, basi, kuwa serikali iliamka tu ikatunga dhuluma. Mwezi Aprili 1957 miraa ilipigwa marufuku katika koloni lote.

Lakini koloni lilikuwa dogo, na mwendo mfupi nje ya mji ilianza nchi ya Sultani wa Lahej, iliyokuwa chini ya himaya tu, ambayo sheria ya Aden haikuifikia. Kwa hiyo wala miraa wakawa wanapanda magari wakavuka mpaka, wakala huko kwa raha zao, wakarudi mjini usiku. Na mtu ambaye zamani alilipa bei ya jani peke yake sasa alilipa bei na nauli, na mkewe aliyeombewa nafuu na watunga sheria akazidi kukosa fedha na mume pia. Ushuru uliokuwa ukiingia hazina ya koloni ulikatika, magendo yakastawi, na waliofaidika ni watu wa ng'ambo ya mpaka. Katikati ya mwaka 1958, baada ya uchunguzi, marufuku iliondolewa, na serikali ikarudia leseni na ushuru. Warithi wa Waingereza, wasoshalisti wa Yemeni ya Kusini, walikuwa werevu zaidi: mwaka 1977 waliruhusu miraa siku za mwisho wa juma na sikukuu peke yake, na hali ikawa hivyo mpaka Yemeni mbili zilipoungana mwaka 1990.

Mataifa yaliyokutana New York mwaka 1961 kuandika mkataba mkuu wa dawa za kulevya yaliliingiza humo jani la koka pamoja na kokeini yake, yakaliacha jani la miraa. Wanakemia walipokwisha kuipata kathinoni, ambayo ndiyo nguvu ya miraa mbichi na ambayo hupungua kadiri jani linyaukavyo, iliingizwa katika orodha kali kuliko zote ya mkataba wa pili, ule wa mwaka 1971, na jani likaachwa tena. Mkulima wa Nyambene, kwa hiyo, ana uhuru ambao mkulima wa Bolivia hakuwa nao. Bolivia ilijitoa katika mkataba wa 1961 mwaka 2011, ikarudi mwaka 2013 kwa sharti kwamba watu wake waachwe watafune koka yao. Na dola kubwa zilizopinga hazikutosha kuizuia. Huo ndio mlango mmoja wa mageuzi ulio wazi kweli kweli, na ajabu ni kwamba tangu hapo haujapitiwa na wengi.

Uingereza ilikwenda kinyume. Zaidi ya tani 2,500 za miraa ziliingia huko kwa mwaka, zikitozwa kodi kama bidhaa nyingine, na baraza lake la wataalamu lilishauri Januari 2013 kwamba hapana ushahidi wa kutosha wa kuipiga marufuku. Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, aliupokea ushauri akaukataa, hasa kwa kuwa Uholanzi ilikwisha kufunga mlango wake na yeye akachelea nchi yake isije ikawa ghala la magendo ya Ulaya. Na Juni 2014 marufuku ikaanza kutumika. Baadhi ya Wasomali wa London, wanawake wengi miongoni mwao, waliishangilia, na mji wa Maua, huko Nyambene, ukalia.

Katika Afrika ya Mashariki kila serikali imeshika njia yake. Kenya iliitambua miraa kisheria kuwa zao mwaka 2016. Tanzania huyateketeza mashamba ya mirungi katika milima ya Same. Somalia ilizizuia ndege za miraa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ikazirudisha mwaka 2022 baada ya rais wake na rais wa Kenya kupatana, na katika mapatano hayo afya ya mlaji haikuwa ndiyo mizani. Uganda, wakulima na wafanyabiashara wa Wakiso waliishtaki sheria iliyowafanya wahalifu, na Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha kwa sababu Bunge liliipitisha pasipo akidi. Juu ya miraa yenyewe shauri halikuamuliwa, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likawa limepitisha mswada mwingine.