Muhasaba: Hesabu ya Pande Mbili

Mhasibu tunamjua: ana daftari, ana risiti, na mwisho wa mwaka humkuti nyumbani. Baghdad ya karne ya 9 ilikuwa na mtu aliyeitwa kwa neno la mzizi huohuo, naye hakushika fedha ya mtu. Abu Abdillahi al-Harith ibn Asad alizaliwa Basra yapata mwaka 781, akahamia Baghdad na kufia huko mwaka 857. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba lakabu ya al-Muhasibi aliipata kwa wingi wa kuihesabu nafsi yake. Kazi hiyo masufi huiita muhasaba, na kuipatia neno la Kiswahili si rahisi kama inavyoonekana.

Msamiati tunao. Hesabu, hisabati, uhasibu, Siku ya Hesabu: yote yametoka shina moja. Ugumu uko kwenye umbo. Kwa Kiarabu, umbo la muhasaba hudokeza watu wawili wanaokabiliana, kama washirika wa biashara wanapokaa kuulizana mali imekwenda wapi. Kiswahili kikitaka kusema mtu amejitendea mwenyewe, ulimi unakimbilia -ji-, tunapata kujihesabu, na wale wawili wanageuka mmoja. Isitoshe, neno hilo lina kazi nyingine tayari. Ukisema fulani anajihesabu mwanachuoni, humsifu; unasema anajiona. Kujiona huko ndiko masufi wanakokuita ujub, na al-Muhasibi alikuandikia sura nzima.

Sura hiyo imo katika kitabu chake mashuhuri, al-Riaya li-huquq Allah, yaani kuchunga haki za Mwenyezi Mungu. (Riaya na raia ni watoto wa mzizi mmoja: kule kuchunga, huku wanaochungwa.) Kimepangwa kama mazungumzo, mwanafunzi anauliza na mwalimu anajibu. Anayetarajia orodha ya madhambi ya wazi atashangaa, kwa sababu mwalimu huyu anahangaika zaidi na yale yanayojificha ndani ya ibada: riya, kiburi, husuda, kughurika. Chukua mtu aliyeamka usiku akaswali. Asubuhi anatamani watu wajue. Akijizuia asiseme, anaanza kujipongeza kwa kuwa hakusema. Hapo nani amemdanganya nani? Kwa al-Muhasibi jibu liko wazi: nafsi ni mshirika mjanja, na daftari lake halikubaliwi bila kukaguliwa.

Mwenyewe aliishi hivyo. Baba yake alipofariki na kuacha mali, inasimuliwa kwamba alikataa kurithi kwa sababu ya tofauti ya itikadi kati yao, ilhali alikuwa fukara. Siku nyingine sufi al-Junayd, kijana wakati huo, alimwona akipita na dalili za njaa usoni. Akamwambia, ami, ingia ule. Al-Qushayri, aliyefariki mwaka 1072, anasimulia kilichofuata: mzee alitia tonge mdomoni, akaligeuzageuza, akashindwa kulimeza, akatoka na kulitema. Chakula kilikuwa kimetoka kwenye harusi ya watu. Baadaye alieleza kwamba chakula chenye shaka hakimpiti kooni. Al-Junayd akamletea makombo ya mkate mkavu wa nyumbani, hayo akayala.

Si wote waliomkubali. Ahmad ibn Hanbal alichukizwa na jinsi alivyoingia katika elimu ya kalam, yaani mijadala ya itikadi, na wafuasi wa imamu huyo wakamsusia hata ikadaiwa kwamba waliomswalia jeneza walikuwa wanne tu. Lakini mafundisho yake hayakuzikwa naye. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyatumia sana katika Ihya Ulum al-Din, kitabu ambacho masharifu wa tarika ya Alawiya walikithamini mno, kuanzia Hadhramaut hadi Lamu. Humo muhasaba ni hatua ya tatu kati ya sita. Kwanza mtu anaipa nafsi masharti asubuhi. Kisha anaiangalia inapofanya kazi. Jioni anakaa nayo kwenye hesabu. Ikionekana imekula mtaji, anaiadhibu, anaibebesha juhudi, anailaumu. Lugha yote hiyo ni ya sokoni, ya mtu na mshirika wake, na hakuna hatua hata moja inayofanyika kama nafsi si mtu wa pili.

Ndiyo maana siridhiki na kujitathmini, neno linalopendwa sasa katika semina na hata katika baadhi ya mawaidha. Ni neno zuri la ofisini. Linauliza umefikia malengo kiasi gani. Muhasaba inaweza kumkuta aliyefikia malengo yote bado ana deni, kwa kuwa inauliza aliyafanya kwa ajili ya nani.

Masheikh wengi husema kuihesabu nafsi, na wako karibu zaidi na asili, kwa sababu ile -i- ya katikati inaiweka nafsi upande wa pili wa meza. Mimi ningeandika hivyo katika matini ya kawaida, na katika tafsiri ya al-Muhasibi mwenyewe ningethubutu kusogea hatua moja: kupigiana hesabu na nafsi. Ni refu, na mhariri atalikunjia uso. Ila msomaji wa Kariakoo au Marikiti atajua mara moja kwamba hapo kuna watu wawili, na mmoja wao anaficha kitu.