Bweni la Yaeda Chini

Kwa miaka mingi tumezoea kusikia majukwaani kwamba ukimwelimisha mwanamke umeielimisha jamii nzima. Sina ugomvi na kauli hiyo. Ila kila niisikiapo hujiuliza: mwanamke huyo alikuwa nani kabla hajaelimishwa? Wengi wetu hudhani kuwa hakuwa kitu, amekaa akingoja kalamu imfanye mtu. Historia ya Yaeda Chini, katika wilaya ya Mbulu, hunifanya niitilie shaka dhana hiyo.

Yaeda Chini iko bondeni, chini ya nyanda za juu za Mbulu, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Eyasi. Wahadzabe, ambao idadi yao hukadiriwa kuwa zaidi kidogo ya watu 1,000, wameishi katika nchi hiyo kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Pembeni mwao wapo Wadatoga, wafugaji wa ng'ombe, na Wairaqw, wakulima na wafugaji walioteremka kutoka milimani.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijaribu kuwakalisha Wahadzabe mahali pamoja mwaka 1927, ikajaribu tena mwaka 1939. Mara zote mbili watu walirudi porini. Baada ya uhuru, mwaka 1964 na 1965, serikali yetu nayo ikajaribu. Malori yalikwenda kuwachukua, yakisindikizwa na watu wenye silaha, yakawaleta Yaeda Chini, palipokuwa pamejengwa nyumba, zahanati na shule. Nia ilikuwa njema: vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Lakini watu waliozoea kuishi kambi kambi, kila kambi watu thelathini hivi, walipokusanywa pamoja waliambukizana magonjwa ya kifua na ya kuhara. Wengi walikufa. Waliosalia, wengi wao, waliondoka kimya kimya kama walivyoondoka mababu zao.

Hivyo ndivyo shule ilivyoingia katika bonde lile. Haikuja peke yake. Ilikuja pamoja na lori. Yafaa tulikumbuke hilo kila tunaposikia mwalimu akilalamika kuwa watoto wa Kihadzabe ni watoro.

Sasa tumtazame msichana mwenyewe. Katika kambi ya Kihadzabe, mtoto mdogo huanza mapema kujitafutia sehemu ya chakula chake. Msichana hufuatana na mama na bibi yake kwenda kuchimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha. Hakuna chifu wa kumwamuru. Akikua humchagua mume mwenyewe, wala hauzwi kwa kundi la ng'ombe. Na ndoa ikimshinda, huachana na mumewe bila baraza wala kesi. Matunda yanapoiva kuna sherehe ya wasichana waliovunja ungo, na humo wasichana huwafukuza wavulana kwa fimbo. Wataalamu waliofanya utafiti huko tangu miaka ya 1980, akiwamo Kristen Hawkes, walieleza jinsi bibi wazee wanavyochimba kwa bidii kuwalisha wajukuu, hata wakajenga juu ya jambo hilo nadharia kuhusu sababu ya binadamu kuishi muda mrefu baada ya kukoma kuzaa.

Kwa Wadatoga mambo ni mengine. Huko ng'ombe na ukoo ndio nguzo, na sauti ya mwanamume hutangulia. Hata hivyo, wanawake wana baraza lao, lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyewakosea wanawake, na yeye hulipa kwa mnyama. Kwa Wairaqw zamani, binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliondolewa nyumbani, kwa kuwa alihesabiwa kuwa na unajisi utakaowadhuru wengine. Basi katika bonde moja tunakuta uhuru, tunakuta mahakama ya akina mama, na tunakuta adhabu kali. Mila si kitu kimoja cha kutupwa chote au kutukuzwa chote.

Sisemi kwamba maisha ya kambini ni raha tupu. Utafiti uliofanywa miongoni mwa Wahadzabe ulionyesha kuwa mtoto mmoja kati ya watano hufa kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu hawafiki miaka 15. Mama anayezika watoto hana sababu ya kuikataa zahanati. Tena mwaka 2007 eneo la Yaeda lilikabidhiwa kampuni moja ya uwindaji ya kigeni, na kampuni hiyo ikaondoka mwaka huo huo baada ya malalamiko makubwa. Siku kama hiyo jamii inahitaji watu wa kwao wanaoweza kusoma mkataba mstari kwa mstari, na sioni kwa nini wawe wanaume peke yao.

Kwa hiyo bweni linahitajika. Kambi huhama, na shule haihami. Nchi yetu imekwisha kuona mabweni ya wasichana yaliyozaa matunda. Weruweru, huko Kilimanjaro, chini ya Mama Maria Kamm aliyeiongoza hadi mwaka 1992, wasichana walijifunza darasani na shambani pia, wakatoka wakijua kwamba mikono na akili zao vina thamani.

Lakini msichana aliyekwenda Weruweru alikwenda akiagwa kwa fahari. Mtoto wa Kihadzabe aliyeletwa Yaeda Chini alikuta kengele, lugha asiyoijua na foleni ya sahani. Jana yake alijua kujilisha. Leo anangojea uji, na shehena ya chakula ikichelewa hulala njaa akiutazama mbuyu kwa mbali. Kutoroka kwake tunakuita ukaidi. Mimi nakuona kuwa hesabu: amepima alichopewa na alichonyang'anywa.

Shule nayo ilikuwa na unajisi wake. Kwa miongo mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa, na kanuni za mwaka 2002 zilitumika kumfukuza. Ukiondoa majina, ilikuwa ni ile ile desturi ya kumtoa binti nje ya boma. Tulioiita mila ya watu wa Mbulu kuwa ya kale tuliiandika upya katika waraka. Ni tarehe 24 Novemba 2021 tu ndipo Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi masomoni.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nadhani Wahadzabe wameanza kutuonyesha namna ya kuwa na vyote viwili. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao katika bonde la Yaeda, yapata hekta 20,000. Juu ya hati hiyo ukajengwa mradi wa hewa ukaa, ambao huwalipa kwa kuulinda msitu wao, na sehemu ya fedha imetumika kulipia masomo na matibabu ya watu wao.

Hapo jambo limegeuka. Mwaka 1965 msichana alitakiwa aiache ardhi ili apate shule. Sasa ardhi ile ile anayochimba bibi yake ndiyo inayomsaidia kubaki darasani. Kuna haja ya mwalimu anayejua maneno machache ya Kihadzabe, ya mlezi wa bweni atokaye katika jamii yao, na ya ruhusa ya kwenda nyumbani matunda yanapoiva. Hayo si makubwa kwa serikali iliyoweza kutafuta malori. Msichana akirudi na cheti cha uuguzi mkononi, asikute amesahau kuutumia ule mti wa kuchimbia.