Desemba Yetu Haina Theluji, Ina Kaskazi

Kila Desemba madirisha ya supamaketi hapa Malindi na Kilifi yanapakwa povu jeupe, ati theluji. Nje jua linakuchoma utosi, ndani kuna mzee wa ndevu amevaa koti zito na buti. Sina shida na sherehe. Krismasi ni pilau, ni jamaa kutoka bara kujaa nyumbani hadi wengine walale mkekani. Shida yangu ni kwamba tumechukua mapambo ya msimu wa watu wengine tukasahau msimu wetu. Na huku Pwani ukisahau msimu, bahari inakukumbusha.

Tuanze na hiyo theluji. Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Tarehe 25 Desemba tunaikuta kwenye kalenda ya Roma ya mwaka 354. Warumi tayari walikuwa na sherehe yao ya Saturnalia iliyoanza tarehe 17 Desemba, na mwaka 274 mfalme Aurelian aliipa heshima ya kitaifa ibada ya mungu wa jua. Kama Krismasi ilitokana na hayo moja kwa moja, wanahistoria bado wanabishana. Ila mantiki ya msimu iko wazi: kule kaskazini, Desemba ndo wakati usiku ni mrefu kupita kiasi na baridi inaua. Watu wakawasha mioto, wakaingiza majani mabichi ndani, wakasubiri jua lirudi. Mti wa Krismasi ulianzia Ujerumani karne ya 16, ukawa fasheni Uingereza baada ya picha ya Malkia Victoria na familia yake kuchapishwa gazetini mwaka 1848.

Yaani kila pambo lina sababu. Lilikuwa jibu la watu fulani kwa hali ya hewa ya kwao.

Sasa hii ndo itakufurahisha: Santa mwenyewe si mtu wa theluji. Mtakatifu Nicholas alikuwa askofu wa Myra, mji wa pwani kusini mwa Uturuki ya leo, na kwa karne nyingi Wakristo wamemhesabu kuwa mlinzi wa mabaharia. Waholanzi mpaka leo humpokea kila Novemba akifika kwa meli. Kwa hivyo ukitaka kumleta Pwani, mvue koti, mpe kikoi, mpandishe kwenye mashua. Atakuwa kwao.

Na sisi je? Wazee wetu walikuwa na mwaka wao unaoanza na Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Ni mwaka wa jua wa siku 365, na siku zake zinahesabiwa kwa makumi. Kila kumi moja ni mwongo. Kule Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa: wanapigana kwa makuti ya migomba, wanachoma kibanda, wanaimba. Lakini hesabu ile haikuwa ya ngoma peke yake. Mkulima aliitumia kujua mvua, na nahodha aliitumia kujua upepo. Sikukuu na usalama wa baharini vilikaa kwenye kalenda moja.

Upepo wenyewe unaujua hata kama hujui jina lake. Kuanzia Desemba hivi hadi Machi ni Kaskazi, unaotoka upande wa Lamu na Somalia. Huo ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na Ghuba. Kuanzia Aprili unageuka Kusi, bahari inachafuka, na majahazi yalikuwa yanarudi kwao nao.

Aliyedharau hesabu hii alilipa. Vasco da Gama tunamjua kwa ile nguzo ya Malindi ambayo kila mtu amepigia selfi. Krismasi ya 1497 alikuwa anapita pwani ya Afrika Kusini, na eneo lile likaitwa Natal, yaani Krismasi kwa Kireno. Aprili 1498 akafika Malindi, sultani akampa rubani. Waliondoka tarehe 24 Aprili, Kusi ikianza, na katika siku 23 tu wakaiona India. Safari ya kurudi hawakungoja. Walianza kuvuka mapema Oktoba, kabla Kaskazi haijakaza, wakakutana na shwari na upepo wa mbisho. Ikawachukua karibu miezi mitatu. Krismasi ya 1498 iliwakuta katikati ya bahari, fizi zimevimba kwa kiseyeye. Watu 30 walikufa katika kipande hicho, na kila meli ikabaki na watu saba au wanane wa kuifanyia kazi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, kitu walichokitamani wagonjwa kilikuwa machungwa.

Bahari ile ile, njia ile ile. Siku 23 au miezi mitatu. Tofauti ni kusikiliza watu wa hapa.

Ndo maana inaniuma kila likizo nikiona vijana wenzangu wanajazana kwenye boti Watamu au Kilifi, spika juu, chupa mkononi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza upepo unasemaje. Kama unashuka Pwani Desemba hii, shika haya:

1. Vaa jaketi la kujiokolea na ulifunge. Kulikalia si kulivaa. Kama boti haina la kila mtu, usipande.

2. Uliza boti imeruhusiwa kubeba watu wangapi, kisha hesabu vichwa. Wakizidi, shuka. Utaonekana muoga, sawa tu.

3. Toka asubuhi. Msimu huu upepo mara nyingi huongezeka mchana, na kurudi huwa kugumu kuliko kwenda. Angalia pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa.

4. Jua maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Miamba inatokeza, na mikondo kwenye midomo ya Kilifi Creek na Mida Creek inakuwa mikali. Maji yakitoka huku upepo ukiingia, mawimbi yanasimama.

5. Nahodha asilewe. Wewe pia, subiri urudi nchi kavu.

6. Mwambie mtu aliyebaki ufukweni unaenda wapi na utarudi saa ngapi. Simu iwe na chaji, ndani ya mfuko usioingiza maji.

7. Boti ikipinduka, ishikilie. Usijaribu kuogelea hadi ufukweni. Ufuko unaonekana karibu kuliko ulivyo, na chombo kinaonekana kirahisi kuliko kichwa cha mtu.

8. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru. Usimwongezee pesa abadilishe mawazo.

Pambeni miti yenu. Mvinje unapendeza kabisa na taa. Ila sikukuu za kweli huzaliwa na watu kuheshimu msimu wao, na wetu una jina. Mtumie hii yule rafiki yako wa Nairobi ambaye tayari amelipia boti.