Dustoory: Tuiite Cha Juu

Katika kamusi ya Hobson-Jobson, iliyotungwa na Henry Yule na A. C. Burnell na kuchapishwa mwaka 1886, limo neno dustoory. Waingereza waliokaa India walilijua vyema. Leo wenzao wachache tu wanalielewa. Ni fungu la fedha lililobaki mkononi mwa mtu aliyetumwa kununua au kulipa kwa niaba ya mwingine. Tuseme mtumishi wa Calcutta ametumwa nyama ya rupia moja, yaani anna 16. Muuzaji humrudishia sehemu ndogo ya fedha hiyo, na katika daftari la bwana huandikwa rupia nzima. Mabwana wengi walilifahamu jambo hilo, wakanung'unika, wakaliacha liendelee. Anayefasiri barua na hesabu za zama zile anahitaji jina lake la Kiswahili, nami naona jina hilo ni cha juu.

Wako watakaosema kwamba jina tunalo tayari, nalo ni desturi. Ni kweli kwamba maneno haya mawili yametoka kwenye dastur ya Kiajemi, ila kuchangia asili si kuchangia maana. Kwa Waparsi, dastur ni kuhani mkuu. Kwa Waarabu, dustur ni katiba. Kwetu, desturi ni mazoea ya watu. Ukiandika "mtumishi alichukua desturi yake", msomaji atatafuta mila asiione, na fedha yenyewe hataiona pia. Hongo na rushwa nazo hazifai. Huenda sheria za leo zikakihesabu kitendo hicho kuwa rushwa, lakini kazi ya mfasiri ni kueleza jinsi wahusika walivyokielewa, si kuwasomea hukumu. Bakshishi hutolewa kwa hiari na aliyehudumiwa, na kamisheni mwenye mali huikubali mapema. Dustoory haikuwa hiki wala kile: aliyeitoa ni muuzaji, na mwenye fedha alifumba macho.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba cha juu ni neno la mtaani, na tena watu huliona la wizi, kwa kuwa aliyetumwa hupandisha bei kwa siri. Kuhusu umtaani, dustoory nalo lilikuwa neno la sokoni na jikoni; kulivalisha joho la ofisini ni kulipotosha. Kuhusu siri, hoja ina ukweli, kwa sababu dustoory ilikingwa na mazoea yaliyojulikana na pande zote. Basi linapotajwa mara ya kwanza liandikwe cha juu cha mazoea, kisha litoshe cha juu. Wafasiri na wahariri wasione haya kulitumia: kila aliyewahi kumtuma mtu sokoni ataelewa mara moja fedha ilibaki kwa nani.