Mwanzishi na Mwimbaji wa Pekee: Sauti ya Mtu Mmoja katika Nyimbo Takatifu za Ngara na Biharamulo

Kwaya zetu zinapoimba nyimbo takatifu katika tamasha, yule anayesimama mbele na kutoa sauti yake peke yake huitwa kwa neno la kuazima, yaani "solo". Neno hili ni fupi, na limekwisha zoeleka. Lakini limebeba kazi mbili zenye asili mbalimbali. Shabaha ya makala haya ni kuzitenganisha kazi hizo kwa kufuata historia ya upande mmoja wa nchi, yaani wilaya za Ngara na Biharamulo.

Wilaya hizo zimo katika mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera. Kwa lugha, ni nchi ya mpakani. Guthrie aliviweka Kihangaza na Kisubi vya Ngara katika kundi la D60, pamoja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha; Kizinza cha Biharamulo alikiweka E20, jirani ya Kihaya. Mgawanyo huu una maana, kwani Bugufi, ambayo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa mkono wa ufalme wa Burundi kabla Wazungu hawajaikata na kuiunga na Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwenye kutafuta asili ya uimbaji wa huko asitazame pwani tu, bali avuke mto pia.

Ng'ambo ya mto atakutana na mpiga inanga wa Kirundi, ambaye haimbi kwa sauti bali hunong'ona. Jambo hili lawastaajabisha wageni, lakini mwanafonetiki hana budi kulistaajabia zaidi. Mtu anaponong'ona, nyuzi za sauti hazitetemi. Basi hapana kidatu, na bila kidatu lugha ya toni imepoteza nusu ya maana yake. Nyuzi za inanga ndizo zinazokirudisha kidatu kilichokosekana, na msikilizaji huviunganisha viwili hivyo hata akasikia kana kwamba mnong'ono wenyewe unapanda na kushuka. Huyu ni mwimbaji wa pekee kwa maana kamili: hana wa kumwitikia, na watu hunyamaza wamsikie.

Kazi ya pili ni ya mwanzishi. Katika ngoma, harusi, kilimo na safari, mmoja hutupa neno na wengi huitikia. Mwanzishi hajitengi na kundi. Hubadili maneno apendavyo, lakini kiitikio kikimshinda wimbo umekufa. Pwani wana majina yake, manju na malenga, ingawa malenga leo amegeuka kuwa mtunzi wa mashairi, na wengi wamesahau kwamba alikuwa kiongozi wa waimbaji.

Misheni zilipofika zilikuta kazi zote mbili, na hazikuzipa nafasi ibadani. Kwa upande wa Wakatoliki, Mapadre Weupe walifuata sheria iliyotolewa na Papa Pius X tarehe 22 Novemba 1903. Sheria hiyo ilitaka muziki wa Kanisa ubaki kuwa wa kwaya. Sauti ya mmoja haikukatazwa kabisa, ila isitawale. Wanawake hawakuruhusiwa kuwa katika kwaya, na sauti za juu ziliamriwa ziimbwe na wavulana. Kwa maoni yangu, sheria hii ililenga maradhi ya Ulaya, yaani waimbaji wa opera waliokuwa wakijionyesha makanisani Italia. Bugufi hapakuwa na opera. Lakini dawa ilinywewa na wote, na aliyenyamazishwa huku akawa mwanzishi, ambaye hakuwa na kosa hilo.

Waprotestanti nao hawakuwa tofauti sana. Wamisheni wa Betheli walioingia Bukoba mwaka 1910 walitoka katika Kanisa lililomzaa Bach, ambaye kantata zake zimejaa nyimbo za mtu mmoja. Lakini walichokileta ni tenzi za kuimbwa na wote, na tarumbeta. Hata Handel alifika nusu. *Messiah*, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, ina sehemu nyingi za waimbaji wanne wa pekee. Kwaya za Tanzania zimechukua Haleluya yake, tena kwa Kiswahili, na Haleluya hiyo ni ya kwaya tupu.

Sauti ya mmoja ilirudi kwanza kwa njia isiyotazamiwa. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika kwa Waanglikana wa Katoke, upande wa Ziwa. Humo mtu alisimama, akatoa ushuhuda wake peke yake, na kundi likamwitikia kwa *Tukutendereza Yesu*, wimbo wa Kiganda ulioimbwa hata na wasiojua Kiganda. Hakuna aliyeuita huo muziki wa solo. Lakini umbo lake ni lile lile la mwanzishi: neno la mmoja, jibu la wengi.

Miaka ya 1960 ilifungua mlango wazi. Jimbo la Rulenge, ambalo tangu 2008 laitwa Rulenge-Ngara, liliundwa mwaka 1960. Mwezi Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa asili wa nchi za misheni upewe heshima inayostahili, na mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka 1964, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, Roma ilisikia oratorio ya Joseph Kyagambiddwa kwa Kiganda, iliyojengwa juu ya muziki wa Baganda wenyewe. Naye mchungaji Bernard Kyamanywa, wa Kanisa la Kilutheri upande wa Bukoba, alitunga *Mfurahini, Haleluya* mwaka 1966 alipokuwa Makumira: beti fupi zinazoweza kubebwa na mmoja, na kiitikio cha wote. Wajerumani wameutia wimbo huo katika kitabu chao cha nyimbo kwa tafsiri ya Ulrich Leupold ya mwaka 1969. Deni la tenzi, twaweza kusema, limeanza kulipwa.

Hapo ndipo suala la lugha linapokuwa zito. Katika Kinyarwanda, neno liandikwalo *inzara* laweza kuwa njaa au kucha. Urefu wa irabu na toni ndivyo vinavyotofautisha. Wimbo wa kigeni uliopangiwa maneno bila kujali hayo waweza kumfanya mtu amlilie Mungu kwa ajili ya kucha zake. Kihangaza ni cha jamaa hiyo hiyo. Kiswahili kimepoteza toni, lakini kina mkazo wake katika silabi ya pili kutoka mwisho, na tenzi nyingi za Kiingereza humalizia mstari kwa silabi yenye nguvu. Matokeo yake ni "Bwana" yenye *-na* ndefu kama mlio wa king'ora. Watu 60 wakiimba pamoja, kosa hilo hupita, kwa kuwa masikio yamejaa sauti nne. Akiimba mmoja, neno limevuliwa nguo. Kwa hiyo sehemu ya pekee ndiyo kipimo cha tafsiri, na mfasiri angefanya vema kuianza hiyo kabla ya kwaya.

Mwanzishi ana kinga ambayo mwimbaji wa pekee hana: aruhusiwa kuurekebisha wimbo. Akikuta neno la toni ya juu mahali ambapo wimbo unashuka, huupandisha, na kiitikio hakidhuriki. Joachim Ngoi, aliyeongoza *Missa Luba* ya Kongo mwaka 1958, alifanya hivyo hivyo juu ya Kilatini, na kwaya ikamfuata. Mwimbaji wa aria ya Handel amefungwa na nota. Kwake marekebisho lazima yafanywe na mfasiri mezani.

Kwa sababu hiyo napendekeza maneno mawili yatumike mahali pa moja. *Mwanzishi* awe yule anayetoa beti na kuitikiwa, naye apewe ruhusa ya kubadili. *Mwimbaji wa pekee* awe yule anayeimba sehemu nzima kama ilivyoandikwa. Mashindano ya kwaya yanayompunguzia mwanzishi alama kwa kuiacha nota yanampima kwa kanuni ya mwenzake. Na watunzi wa Ngara waandikao kwa Kihangaza wangefaa waache mstari wa mwanzishi bila nota kamili: waandike maneno, waweke alama za toni juu yake, na nota zianze pale kwaya inapoitikia.