Mzigo wa kifafa: kutoka Kigwa hadi Mahenge



Mama mkwe wangu ni mtu wa Kigwa, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Burton na Speke walipita upande huo mwaka 1857. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mpaka frasila mbili begani, na pembe walizozishusha pwani zilivushwa kuja Unguja kwetu. Lakini mama anasema upo mzigo ambao utotoni mwake hakuna aliyekubali kupokezana: mtu mwenye kifafa. Akianguka jikoni, watu hukimbia povu lake, moto ukamuunguza.

Hofu hiyo hiyo daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliikuta Mahenge, mbali na Kigwa, alipofika Tanganyika mwaka 1959. Akaanzisha kliniki ya kifafa. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitali, ambayo ilijulikana kutuliza kifafa tangu 1912 na bei yake ni ndogo. Watu waliofichwa majumbani wakaanza kurudi shambani.

Baadaye alihamia Canada, lakini hakuacha kuwatafutia fedha wagonjwa wake na utafiti wao. Mwaka 1992 yeye na daktari Mtanzania, Rwiza, walitoa taarifa ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Zaidi ya nusu walikuwa wamefariki, wengine kwa moto, wengine kwa maji. Hapo ndipo penye somo: dawa ya kifafa hainyweshwi kwa msimu wa huruma. Mchango ukikatika, vidonge hukatika, na mtu huanguka tena.

Utafiti wa Mahenge pia umeonyesha uhusiano baina ya kifafa na usubi, maradhi yanayoenezwa na inzi wadogo wa mito yenye maji ya kasi. Maana yake, kugawa dawa ya usubi kunaweza kuwakinga watoto na kifafa. Bila ya fedha za utafiti, tungeendelea kumlaumu jini.

Dada zangu, katika Sahih Bukhari imo habari ya mwanamke aliyekuwa na kifafa. Mtume (S.A.W.) alimpa hiari, akachagua subira, ila akaomba aombewe asifunuke akianguka. Aliombewa, wala hakufukuzwa.

Basi mwenzetu akianguka, tumsitiri kwa kanga, tumlaze ubavu, tusimtie kitu mdomoni, kisha tumpeleke hospitali. Na vikoba vyetu vinavyochangia harusi kila mwezi visishindwe kutenga fungu la vidonge vya mgonjwa mmoja, mwezi hadi mwezi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wapagazi walifika pwani kwa sababu kila asubuhi walijitwika tena.