Gari la chini, mchanga wa Kivinje: rampu gani inafaa nyumbani?

Leo sina siasa wala mpira. Naomba niwaletee mada ya magari, tena ya magari ya chini, yale yanayolala barabarani kama mkeka: Altezza, Verossa, Mark X, Celica, na Subaru zilizokatwa springi. Najua kuna atakayesema huku Kilwa Kivinje gari za namna hiyo ziko wapi, sisi watu wa bodaboda na Noah. Ni kweli kwa siku za kawaida. Subiri sikukuu uone vijana wanavyoshuka kutoka Dar na ndinga zao, halafu uone zinavyofika.

Mimi si fundi. Nimemaliza kidato cha nne, naandika andika na kushika shika spana. Haya ninayoyaandika nimeyajua baada ya kukaribia kumuua ndugu yangu, na sisemi hivyo kunogesha hadithi.

Ilikuwa Juni 2024, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Kaka yangu alikuja na Altezza yake. Mwezi mmoja nyuma, kimbunga Hidaya kilikuwa kimeikata barabara ya Dar na Lindi maeneo ya Somanga, ikarudishwa kwa vifusi na michepuko. Gari la chini kwenye mchepuko wa vifusi, hapo jawabu unalo. Ile kinga ya plastiki chini ya injini iling'oka upande mmoja, ikawa inaburuza lami tangu Somanga mpaka Nangurukuru. Kufika nyumbani tukaona pia oili inachuruzika kwenye sampo.

Tukapiga jeki ya gari, ile ya mkasi, tukaweka tofali za bloku chini ya kingo mbele na nyuma, jeki tukaitoa. Kaka akaingia chini. Baada ya muda akatoka akasema, "Dogo, niletee spana kumi na nne." Mimi nikafungua buti, nikachukua spana, nikafunga buti. Nililifunga kama siku zote, wala si kwa hasira. Nikasikia paa! Tofali moja la mbele likawa unga na vipande, gari likakaa chini kwa tumbo. Spana iko mkononi mwangu, kaka amesimama pembeni anapangusa mikono. Hakuna aliyesema kitu. Mama alitoka jikoni akauliza nini kimepasuka, tukamwambia tairi.

Siku ya pili tukamfuata mzee mmoja fundi wa majahazi pale pwani tumuombe vipande vya mbao. Tulipomweleza akatutazama sana. Akasema, "Nyie wanangu, chombo mnakipandisha bila gadi?" Wasiotoka pwani niwaeleze: gadi ni zile nguzo zinazoegemezwa ubavuni mwa jahazi likiwa nchi kavu lisilale upande. Fundi anapiga kalafati chini yake siku nzima, watu wanapanda juu, wanagonga nyundo, chombo hakitikisiki. Hakuna anayeingia chini ya chombo kisicho na gadi. Sisi wa magari ndio tunaotegemea tofali.

Kwanza niwamalize hao tofali. Bloku ya saruji imetengenezwa ibebe uzito uliotandazwa, kama ukuta unavyoitandazia. Ukingo wa gari au kichwa cha jeki unakandamiza sehemu ndogo tu, na saruji haipindi kwanza ikakupa ishara. Inapasuka mara moja. Zenye matundu ndio balaa kabisa. Kwa hiyo usiulize tofali zipi ni nzuri, hakuna.

Sasa rampu. Nasema vile vipandio viwili unavyoweka mbele ya matairi, unapanda navyo, gari linabaki juu na matairi yake. Uzuri wake ni huo: gari limekaa kwenye matairi, halijakaa kwenye ncha ya chuma. Kwa kumwaga oili, kubadili filta, kufunga kinga ya chini, rampu inashinda jeki. Kwa kazi ya breki au boljoint haifai, maana tairi lazima litoke.

Ugomvi wa gari la chini na rampu ni bampa. Rampu za kawaida za dukani ni fupi na zimesimama, zimetengenezwa kwa magari ya kawaida. Ukija na Altezza, kabla tairi halijapanda, bampa limeshagonga mteremko. Watu wengi wanaangalia urefu wa kwenda juu tu, "hii inanyanyua sentimita ngapi," wakati cha kupima kwanza ni gari lako. Chukua futi ya fundi, kaa chini, pima vitu viwili. Moja, kutoka ardhini mpaka ukingo wa chini wa bampa. Mbili, kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi kwenda mbele mpaka usawa wa ukingo huo. Ya kaka ilikuwa sentimita 14 na sentimita 70. Gawanya 14 kwa 70, unapata moja ya tano. Maana yake rampu isipande zaidi ya sentimita 1 kila sentimita 5 za urefu, sawasawa na nyuzi 11 hivi. Ukitaka kunyanyua sentimita 20, mteremko peke yake uwe mita 1, halafu uongeze sehemu bapa ya tairi kukaa. Tena acha nafasi kidogo, maana gari linabonyea springi ukikanyaga breki. Rampu inayopanda sentimita 20 ndani ya sentimita 65 ni nyuzi 17. Hiyo kwa Altezza hii ni ya kung'olea bampa.

Wenzetu Marekani wana kampuni inaitwa Race Ramps, inatengeneza rampu ndefu za povu gumu kwa ajili ya gari za michezo. Nyepesi, unabeba kwa mkono mmoja, haziharibu sakafu. Ukiwa na ndugu wa kukutumia, sawa. Za plastiki nazo zipo za aina nyingi, ila soma maandishi vizuri: uzito ulioandikwa ni wa rampu moja, wa jozi, au wa gari zima? Altezza ina kilo 1,300 na ushee, zaidi ya nusu iko mbele, kwa hiyo kila tairi la mbele linakalia kama kilo 360. Isiyo na maandishi yoyote iache. Plastiki iliyoshinda juani miaka miwili nayo iache, jua letu mnalijua.

Za chuma unaweza kuchomelewa na fundi wa mtaani, na Dar pale Gerezani kazi za chuma ni jadi. Mimi naziogopa kidogo, si kwa sababu ya chuma, ni kwa sababu ya welding. Kwa macho huwezi kujua kama imeshika ndani au imepakwa juu tu. Kama unachagua za chuma, geuza uangalie chini: kuna vyuma vya mshazari vinavyozuia miguu isilale pembeni? Kama ni miguu minne imesimama wima kama stuli, gari likisogea kidogo inalala. Na miguu myembamba kwenye mchanga inazama kama mwiba. Kwa Kivinje hilo peke yake linatosha kuzikataa, labda uzichomelee bati nene chini.

Sisi tulitengeneza za mbao. Mbao nne zinalaliana, ya chini ndefu, ya juu fupi, kama ngazi ya msikiti iliyolala. Hakuna uwazi ndani, mbao inabonyezwa tu, haipindwi, kwa hiyo hata paina kavu inafaa, si lazima mninga wala mkongo. Tulichukua mbao za mbili kwa kumi, yaani unene wa sentimita 5 kwa kila moja. Urefu kuanzia chini: sentimita 126, 99, 72, 45. Kila ngazi inaacha sentimita 27 mbele, nyuma zote zinalingana. Ncha za mbele tulizichonga mshazari kidogo. Nyuma kabisa juu tukafunga kipande cha sentimita 5 cha kuzuia tairi lisipitilize, na kisizidi hapo, bampa linapita juu yake. Zifungwe kwa bolti zilizozamishwa vichwa. Misumari inalegea kidogo kidogo kila gari likipanda.

Upana uwe na akili. Tairi za Altezza ile ni 215, yaani milimita 215, na mbao ya inchi kumi ni kama sentimita 25. Inabaki chini ya sentimita 2 kila upande. Inatosha kwa mtu mwenye macho mbele anayemwongoza dereva, haitoshi kwa mtu anayepanda peke yake usiku. Mwenye uwezo aweke kumi na mbili.

Mbao za mnazi? Huku ndizo rahisi kupatikana. Zile za nje ya gogo ni ngumu na nzuri. Za katikati ni laini, zinabonyea na kuoza upesi. Ukiona nyuzi nyeusi zimebanana, chukua. Ukiona zimeachana na kati yake peupe, waachie kuku banda lao.

Mchanga sasa. Ukiweka rampu juu ya mchanga mtupu mambo mawili hutokea: inazama upande mmoja, au tairi linaisukuma mbele badala ya kuipanda. Dawa ni ubao mpana chini ya rampu, mrefu kiasi kwamba tairi liwe limeshaukalia kabla halijaigusa rampu. Rampu ifungwe kwenye ubao huo. Uzito wa gari lenyewe unaushika ubao, hauendi popote. Tulijaribu bila ubao, rampu ikateleza. Tulipoweka, gari likapanda kama linaenda kuswali.

Ukishapanda: handbreki, gia ya kwanza kama ni manyuo au P kama ni oto, halafu kabari mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Usitegemee handbreki pekee. Kumbuka kwa gari nyingi inashika matairi ya nyuma tu, kwa hiyo siku ukinyanyua nyuma kwa jeki, handbreki haikusaidii chochote, kabari za mbele ndizo zinazokushikia gari. Kisha weka stendi mbili za chuma chini ya fremu, zikaribie kugusa. Hizo ndizo gadi zako. Baada ya hapo sukuma gari ubavuni kwa nguvu, ukiwa nje. Likicheza, usiingie.

Kuna wanaosema chimba shimo kama gereji za mjini. Kwa Kivinje ndio kwanza utapata kisima, maji yapo karibu, masika ikija unafuga vyura. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa shimoni. Cheche moja ya taa na habari yako inaandikwa na mwingine.

Jambo dogo la oili: gari likiwa limenyanyuka mbele, oili ya injini inamwagika vizuri ikiwa nati ya sampo iko upande wa nyuma, kama ya kaka ilivyo. Lakini usipime kiasi likiwa juu, shusha kwanza. Oili ya gia boksi na difu inataka gari lilale sawa, mbele na nyuma, hapo rampu mbili hazitoshi.

Rampu zetu sasa zinakaa ukumbini nyuma ya mlango, mama anawekea ndoo. Jirani wa Noah ameshaziazima mara tatu, na sharti ni moja: anaazima na kabari zake na stendi, au haazimi. Mwenye Mark X au Subaru iliyoshushwa, pima vile vitu viwili uviweke hapo chini kwenye maoni, taja na gari lako. Nataka nijue hizi 126 zinatosha kwa gari zipi au tukate mbao ndefu zaidi kabla ya Idi.